Kidevuni, Malkia Hufiwa

Kinyozi wa Temeke alikuwa na kisa kimoja tu, cha Malkia Viktoria, bibi mzaa baba wa mfalme wa Uingereza wa wakati huo, na alikisimulia kwa kufuata vichwa vya wateja. Akianza utosini, binti wa miaka kumi na minane anaamshwa alfajiri na kuambiwa ufalme sasa ni wake. Kisogoni anaolewa na binamu yake. Nyuma ya masikio wanazaliwa watoto tisa, na kwa kila mtoto kinyozi hukupuliza shingoni, fuu! Ukimkatiza, anarudi utosini, na wembe nao unarudi. Halafu hunoa upya kwenye mkanda wa ngozi, hushika kidevu kwa vidole viwili, na hapo ndipo mume anapokufa. Sauti inashuka. Malkia anavaa nyeusi miaka arobaini.

Polikarpo, mchonga vinyago, alikuwa ameshakikariri kisa chote. Kwa hiyo siku alipokwenda kunyoa baada ya matanga ya mkewe, Adelina, alikaa kitini akikiogopa kidevu chake mwenyewe. Utosi ukapita, harusi ikapita, watoto wakazaliwa wote tisa. Wembe ukanolewa. Vidole viwili vikashika kidevu.

“Basi bwana,” kinyozi akasema kwa sauti ileile ya harusini, “wakawa wamekaa wanakunywa chai.”

Polikarpo akangoja. Povu la mwisho likafutwa.

“Fundi, na yule mume?”

“Si nimekwambia wanakunywa chai? Tulia, nisije nikakukata.”