Kidude Nilichokikuta Kwenye Kiti Changu

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni askari wa geti hapa Mbuya. Kazini tunapewa kidude cha kubonyeza kila robo saa, ili bosi ajue hatujasinzia. Changu kilikuwa kimekufa tangu Jumatano.

Jumamosi alikuja mgeni kutoka Nairobi na gari lenye kitanda na jiko ndani. Alikaa kwenye kiti changu akavua viatu, kisha akaingia garini kulala. Kuangalia kitini, nikakuta kidude kipya chenye kioo na namba 26. Nikasema, ofisi imenikumbuka!

Nikabonyeza. Kikalia, namba ikawa 25. Robo saa nyingine, 24. Hamu ikanishika: zikiisha zote, napandishwa cheo au vipi? Sikuruka hata mara moja.

Ilipofika 16, mgeni alitoka amejifunika blanketi, meno yanagongana.

"Afande, hujaona rimoti ya kiyoyozi? Humo ndani ni barafu tupu."

Nikampigia saluti. "Sijaona, ssebo."

Robo saa ilikuwa imetimia. Mkono wangu wa kushoto ukabonyeza wenyewe, na kidude kikalia mbele yake.