Mama Aliyeelewa Kiswahili

Wiki iliyopita nilimpeleka mke wangu hospitali hapa Mpanda. Chumba cha daktari ni kimoja, kwa hiyo tulisubiri zamu kwenye benchi humo humo ndani. Mbele yetu alikuwepo mama mmoja mzee kutoka Kasansa, na binti yake aliyesema mama anajua Kipimbwe tu, yeye atamtafsiria.

Daktari akasema taratibu, "Mwambie ni kansa ya kizazi, na imeshasambaa. Tutampa dawa za maumivu tu."

Binti akamweleza mama yake kwa Kipimbwe. Mke wangu, ambaye ni Mpimbwe, akaninong'oneza, "Kamwambia ni vidonda vya tumbo, atapona."

Mama akaitikia kwa kichwa. Binti alipotoka kwenda dirishani kuchukua dawa, yule mama akamgeukia daktari na kusema kwa Kiswahili, "Nimekusikia, baba. Nitamaliza mwaka?"

Daktari akavua miwani. "Sidhani, mama."

"Basi usimwambie kwamba najua. Akijua, atalia mbele yangu kila siku, na mimi nataka tukae vizuri."

Binti akarudi na dawa, akauliza kwa sauti ya chini, "Hajauliza kitu?"

"Hajauliza," daktari akajibu, akiangalia meza.

Daktari anatakiwa amwambie mgonjwa ukweli, na amtunzie siri. Huyu alitimiza yote mawili, na bado ilibidi adanganye.