Kiatu cha Baba Kanisani

Baba, dereva wa lori, alivuka mpaka hapa Malaba akaingia Uganda inayotawaliwa na wanajeshi, na hajarudi. Kanisani kwetu, mtu aliye mbali huombewa kupitia nguo yake. Mimi nikapeleka kiatu chake.

"Boss, tuombe arudi ama tushone soli?" mhubiri akanitania.

"Vyote, mzee. Yesu si alikuwa fundi?"

Tuliomba mwezi mzima, lori halikuja. Jumapili moja nilikiacha kiatu nyumbani. Ibada ilipoisha nikabaki kwenye benchi, nikamwambia Mungu, "Leo sitaki muujiza. Nikitoka shule nyumbani hakuna mtu, hata wa kumchekesha. Kaa na mimi tu."

Mama anayefagia kanisa akaniuliza, "Kijana, hauna kwenu?"

"Ngoja kidogo, mama. Bado naongea na mwenye nyumba."