Zefania na Wachezaji wa Kulipwa

Zefania wa Iguguno alijifunza mpira wa kikapu misheni, kwa mchungaji mmoja wa Kimarekani aliyepigilia pete ya pipa kwenye mti wa mgunga. Alikuwa mrefu, mwepesi wa mkono, na hata alipooa na kuingia kwenye biashara ya ng'ombe hakuuacha mchezo huo. Jumapili baada ya ibada ungemkuta pale mgungani, shati amelitundika tawini.

Miaka michache kabla Mwingereza hajaondoka, shemeji yake Bonaventura, karani wa stesheni ya Dar es Salaam, alimtumia habari kwa dereva wa lori: Wamarekani weusi wanaoishi kwa kucheza kikapu wanakuja. Watacheza Ijumaa jioni, kisha Jumamosi mchana.

"Wanalipwa mshahara kwa kurusha mpira?" Kristina, mkewe, aliuliza huku akipepeta mtama.

"Wanalipwa, Mama Dina. Na ni weusi kama sisi."

Ng'ombe aliowanunua mnadani Sepuka walikuwa wapelekwe Dar es Salaam mwezi huohuo. Zefania akaanza kupanga. Akiwaswaga upesi hadi Itigi na kupata behewa mapema, angefika Ijumaa na kuuwahi mchezo wa kwanza. Lakini ng'ombe wangekonda njiani, na yeye angeingia uwanjani ananuka mavi.

"Nenda Jumamosi," Kristina alisema. "Uuze kwanza, uoge, uvae shati la kanisani. Kitu ulichokitamani tangu utoto usikiangalie kwa haraka."

Akakubali. Aliwapeleka ng'ombe polepole wakila njiani, akapanda nao treni, na Ijumaa jioni, wakati mchezo wa kwanza unaendelea, alikuwa bado machinjioni akibishana na wanunuzi. Hakuumia. Kesho ilikuwa yake.

Jumamosi Bonaventura alimpeleka uwanjani. Wazungu walikaa kivulini kwenye viti, Wahindi kwenye mabenchi, Waafrika wakasimama juani nyuma ya kamba. Zefania hakujali. Wale wachezaji walipoingia, warefu, weusi, wamevaa hariri nyekundu, alisogea mpaka kwenye kamba.

Kisha Mzungu mmoja mnene akashika kipaza sauti na kupuliza firimbi. Mchezaji wa kwanza akapiga magoti. Akatambaa uwanja mzima akiusukuma mpira kwa kipaji cha uso, makalio juu. Wa pili akajikuna kwapa na kulia kama nyani. Wa tatu akaiba ndizi mezani, akakimbizwa na mwenzake kwa fagio huku akitoa macho. Kila firimbi ilipolia walibadili upuuzi. Mpira wenyewe uliingia kikapuni mara chache, tena kwa mzaha.

Kivulini Wazungu walijipiga mapajani. Nyuma ya kamba watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bonaventura alifuta machozi ya kicheko.

"Shemeji, umemwona yule wa ndizi?"

Zefania aligeuza uso. Mate yalimjaa mdomoni, akatema chini, akapenya katikati ya watu na kutoka.

Nyuma ya uwanja palikuwa na bomba la maji. Yule aliyetambaa alikuwa pale ananawa, magoti yamechubuka, jasho limechanganyika na vumbi. Kwa karibu hakuwa kijana. Mvi zilimtoka juu ya masikio. Zefania akamwambia kwa Kiingereza cha misheni, "Nimetoka mbali kukuona ukicheza."

Yule mtu akamtazama. "Pole," alisema.

"Ningekuja jana, ningeuona mchezo?"

"Jana ilikuwa mbaya zaidi. Jana tulivalishwa mikia."

"Kwa nini mnakubali?"

"Nina watoto wanne. Kwetu hakuna anayenilipa nicheze vizuri."

Zefania alilifunga bomba. Alitaka kumhurumia, lakini kinyaa kilikuwa bado kimemjaa, na kilimgusa hata mtu huyu mwenye magoti yaliyochubuka. Hilo likamchukiza zaidi. Firimbi ikalia. Mchezaji akajipangusa uso kwa fulana yake, akarudi ndani mbio, na kabla hajafika mbele ya watu alikuwa ameshaanza kucheka.

Iguguno vijana walimsubiri kama bwana harusi. Walitaka awaonyeshe Wamarekani wanavyocheza. Aliwaambia hakuona mchezo wowote, wakadhani anawanyima, wakanuna.

Kristina alimpa maji ya kunawa, akangoja mpaka amalize kula.

"Baba Dina, ni nini walichokufanyia Wazungu huko Dar es Salaam?"

"Wazungu nimewazoea." Akasukuma bakuli la mlenda pembeni. "Ni sisi nyuma ya kamba. Ungesikia tulivyocheka. Bonaventura, ndugu yako wa tumbo moja, alikuwa analia kwa raha."

"Na wewe?"

"Mwanzoni nilicheka," Zefania alisema. "Kidogo. Kabla sijaelewa."

Akainuka, akatoka nje kuwafungia ndama.