Siku Majaji wa Mdahalo Walipotusahau Ukumbini

Kama ulisoma Elburgon miaka ya sabini ikianza, huhitaji kuambiwa sweta zetu zilinuka nini. Maranda ya mtarakwa yaliingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye uji wa saa nne, katikati ya kurasa za daftari. King'ora cha kiwanda cha mbao ndicho kilichotuamsha. Tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili, kwa mpira wa matambara, tukaruka kamba mpaka nyayo zetu, ambazo hazikujua kiatu, zikapasuka kwa baridi ya milima ya Mau. Mtoto wa leo ukimtuma dukani anauliza kama kuna boda.

Lakini raha yetu kubwa ilikuwa mdahalo wa Ijumaa alasiri. Mwalimu Rotich, aliyekuwa na koti moja na sauti ya watu watatu, alitufundisha kusimama wima na kumtazama mtu wa benchi la mwisho. "Usikubali kosa mbele ya jaji," alitukumbusha kila wiki. "Ukikubali, umekwisha." Na jaji, kwetu sisi, alikuwa kama daktari mwenye sindano. Hukumwuliza kitu. Ulikaza macho ukangoja akufanye anavyotaka.

Nikiwa darasa la saba, tulialikwa Nakuru kwa mashindano ya mdahalo wa Kiswahili. Mada ilikuwa viwanda vya mbao: vina faida kuliko hasara? Shule yetu ilipewa upande wa kuvitetea. Watu wa kiwanda waliposikia hivyo walifurahi wakatupa lori. Baba yangu, aliyefanya kazi kwenye msumeno mkubwa pale kiwandani, akaruhusiwa kuja pamoja nasi. Foremani wake alikaa mbele na dereva, amevaa suti ya Jumapili. Sisi tulikaa nyuma juu ya mbao, na viazi vitamu vimefungwa kwenye kitambaa, tukaimba mpaka sauti za mashindano zikakaribia kutuishia njiani.

Nakuru wakati huo, jamani! Vumbi jeupe, harufu ya pareto, na maduka ya Wahindi yenye majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka darini. Ukumbini tulikuta meza ndefu yenye majaji watatu, na mbele yao kipaza sauti kikubwa cha kutangazia matokeo. Wa kwanza alikuwa Bwana Mutai, mwalimu mkuu mstaafu, aliyetazama saa kuliko alivyotutazama sisi. Wa pili, Mwalimu Athmani, alitoka Pwani kufundisha Kiswahili huku kwetu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa jino kila mmoja wetu alipofungua mdomo. Wa tatu alikuwa Bi Kulsum, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa kwenye kamati ya shule moja ya mjini. Watu walinong'ona kwamba amewekwa hapo kwa heshima tu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipomaliza hotuba yangu. Mpinzani wangu, msichana wa mjini aliyeitwa Manjit, alisimama na kuuliza swali moja tu.

"Wenzetu wa Elburgon, mnakata miti kila siku. Maji ya mto wenu bado yako kama zamani?"

Nilimwona Mwalimu Rotich akinitikisia kichwa: usikubali. Nilimwona foremani amekunja mikono. Baba nilishindwa kumtazama. Lakini mimi ndiye niliyeteka maji nyumbani, asubuhi na jioni, na nilijua.

"Hapana," nilisema. "Hapo mwenzangu amesema ukweli. Mto yetu imepungua. Ile jiwe mama alikuwa anafulia nguo, zamani ilikuwa ndani ya maji. Sasa iko nje, imekauka. Lakini baba yangu anatulisha na msumeno. Hii sare nimevaa ni ya msumeno. Kwa hivyo mimi sisemi kiwanda ifungwe. Nasema wakate, na wapande."

Nikaketi. Mwalimu Rotich alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

Majaji wakainamisha vichwa pamoja kushauriana. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo tuliokuwepo hatujalisahau: kipaza sauti hakikuwa kimezimwa.

"Huyu wa Elburgon, kwa hoja, nampa sifuri," ilisema sauti ya Bwana Mutai kutoka kila pembe ya ukumbi. "Amemkubalia mpinzani! Amejifunga bao mwenyewe."

"Nami kwa lugha," akasema Mwalimu Athmani, "mto 'yetu', kiwanda 'ifungwe'. Nimehesabu makosa tisa, kisha nikaacha kuhesabu kwa ajili ya afya yangu."

Tulibana vicheko kwenye mikono ya sweta. Hakuna aliyesogea. Mbona umzuie mtu anapojianika?

Kisha akasema Bi Kulsum. "Nyinyi mnasikiliza mdomo. Mimi nimekaa dukani miaka mingi, najua mtu anayesikia na mtu anayengoja tu zamu yake. Hawa watoto wote wamekariri. Ukiwauliza kitu wanarudia ile walikuja nayo. Huyu peke yake amejibu swali aliulizwa."

"Labda hata hakuelewa alichosema," akajibu Bwana Mutai. "Mtoto wa watu wa msumeno. Kwao nani atamfundisha hoja?"

Vicheko vikakatika. Nikasikia benchi linalia nyuma yangu, na nilipogeuka, baba alikuwa anatembea katikati ya ukumbi, kofia mkononi. Baba yangu, ambaye kwenye mikutano ya kanisa alikaa karibu na mlango ili asije akaombwa kusema neno.

Bwana Mutai aliinua uso. "Mzee, wasikilizaji hawaruhusiwi kuongea na majaji."

"Sijakuja kwa mambo ya alama," baba alisema. "Nimekuja kuwaambia hiyo kitu yenu inafanya kazi. Tumesikia yote."

Ukumbi ulilipuka. Alingoja kelele zishuke, halafu akaongeza polepole, "Na mto ni kweli imepungua. Hata mimi nimeona."

Bwana Mutai alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Mkono wake ulipoelekea kwenye swichi, Bi Kulsum aliuzuia. "Wacha. Wamesikia nusu, wasikie yote."

Wakafanya hivyo. Waliita wasemaji mmoja mmoja, wakatueleza mbele ya watu wote kila alama imetoka wapi na imepotelea wapi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba jaji ana sababu. Bwana Mutai alisimama, akampa baba mkono na kumwomba radhi, na ile sifuri yangu akaigeuza kuwa nusu ya alama zote za hoja. Mwalimu Athmani hakuachilia hata kosa moja kati ya yale tisa. Tulishindwa kwa alama mbili, na zote mbili ni ngeli zilizotuangusha.

Kurudi, hakuna aliyeimba. Dereva aliposimama Njoro kupoza injini, foremani alishuka, akazunguka nyuma ya lori na kututazama. Nilishika mkono wa baba.

"Wewe msichana," foremani alisema. "Ile jiwe ulisema, ni ile ya chini ya daraja?"

"Ndiyo."

"Hm. Mke wangu pia alikuwa anafulia hapo. Amehama."

Akarudi zake mbele. Baba alicheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, kisha akanipa kiazi kilichobaki. Hatukuizungumzia tena siku ile. Ila tangu hapo, nikianza kusema jambo nyumbani, alinyoosha mkono akapunguza redio.

Siku hizi mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Free Area, hapa Nakuru, na huitwa kuwa jaji. Vijana wa sasa hotuba wanaitoa kwenye simu, wanasema kwa pua kama watu wa sinema, na wakinisalimu ni "niaje, mathe", yaani habari, mama. Ngeli zao zinanitoa jasho. Mwalimu Athmani angelazwa hospitali.

Lakini muhula uliopita, baada ya mashindano kule Kiamunyi, binti mmoja alinijia na karatasi yake ya alama. Sisi enzi zile tungekufa kwanza.

"Mathe, hapa kwa kujibu hoja umenipa mbili. Mimi nilijibu. Ulinisikia kweli?"

Nilitaka kukasirika. Nikafungua maelezo yangu, na pale alipokuwa anajibu, nilikuta nimeandika makosa yake ya ngeli tu. Sikuwa nimemsikia. Nikamwambia hivyo, nikamwomba arudie, naye akarudia yote akiwa amesimama kwenye nyasi, bila woga. Nikakata ile mbili, nikaandika saba.

"Poa, mathe," akasema, akatupa begi mgongoni na kuondoka, hata hakuuliza kama sasa ameshinda. Nilibaki na kalamu mkononi nikimtazama mpaka getini, na niliona wivu kidogo, ule wivu mtamu wa mtu aliyezaliwa mapema.