Mianzi ya kupandishia vipanga wa bandia: yale ambayo ile video haikuonesha

Assalaam alaykum wakuu, na habari za mchana kwa wote.

Ninayoandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu, na sehemu zinazoniaibisha sijaziondoa.

Wiki mbili nyuma mwanachama mmoja aliweka humu video ya mkulima wa Pemba anayefukuza ndege kwenye mpunga kwa kipanga wa bandia, anampandisha mtini kwa mwanzi mrefu bila kupanda. Wengi mmeisifu. Wengine mmeomba vipimo.

Yule mkulima ni mimi.

Vipimo nitatoa. Lakini nataka mjue na kilichotokea pale kondeni, maana dakika mbili za video hazikukigusa.

Ninaishi upande wa Pujini. Marehemu baba alituachia bonde la mpunga, tukaligawa kisharia: mafungu mawili yangu, moja la dada yangu Mize. Kati ya konde langu na lake kuna tuta moja tu, upana wake hatua moja. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, ni mjane, na mpunga ule ndio chakula chake cha mwaka. Zaidi ya hapo ana mihogo kidogo nyuma ya nyumba.

Kwa wasiojua kilimo hiki: mpunga ukianza kutia maziwa, minana, ndege wadogo walao nafaka, hushuka kwa makundi. Wakikaa nusu siku bila kubughudhiwa, umelima bure. Kazi ya kuwafukuza tunaiita kuamia. Mtu anakaa kwenye dungu, yaani jukwaa la miti lenye paa la makuti, tangu kunapopambazuka hadi jua linapokuchwa. Anapiga debe, anarusha mawe kwa kombeo, anapiga kelele. Karibu mwezi mzima.

Dungu letu lilikuwa moja, juu ya tuta. Miaka yote waliokaa pale ni mke wangu, Mama Rukia, na dada Mize. Mmoja akipumzika, mwenzake anaangalia makonde yote mawili. Ukipita njia ya juu unawasikia.

"Wifi, mbona kimya? Sauti yote umeimalizia kwa ndugu yangu?"

"Nduguyo hasikii, wifi. Ndiyo maana nakuja kuwapigia ndege. Wao angalau wanaondoka."

Basi watacheka hao mpaka minana wanaruka kwa kicheko.

Mwaka juzi Mama Rukia akagundulika ana presha. Daktari akamwambia apunguze jua. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kipanga.

Mimi si msomi, niliishia kidato cha pili. Ila napenda kusoma, nikisoma kitu nakijaribu, na nikikijaribu naandika kwenye daftari. Hiyo ni tabia yangu tangu ujana, na mtaona ilinifikisha wapi.

Kipanga wa kwanza nilimchonga kwenye boya la nyavu lililopasuka. Mabawa nikakata kwa ndara za kuokota, nikampaka rangi ya kahawia iliyobaki kwenye milango. Jirani akanipandia mzambarau, akamfunga juu.

Siku mbili minana hawakuonekana. Siku ya tatu nikawakuta watatu wametua tawi lile lile, mmoja yuko juu ya kichwa cha kipanga anajikuna.

Nikajifunza kwamba siri si kipanga. Siri ni kumhamisha. Kila siku awe mti mwingine, tawi jingine, ameelekea upande mwingine.

Na mimi kupanda siwezi. Nilianguka mkarafuu miaka mingi nyuma, goti la kulia halikunji sawasawa. Jirani naye huwezi kumwamsha kila alfajiri akupandie miti. Ikabidi nitafute mwanzi.

Mwanzoni nilikosea, niliiga ngoe, ule mti wenye kulabu tunaovutia matawi ya mkarafuu. Ngoe kazi yake ni kuvuta chini. Mimi nilitaka kitu kinachobeba hadi juu, kinaachia, na kesho yake kinachukua tena. Kipanga alifika vizuri tawini, lakini nikishusha mwanzi, anashuka nao. Nilihangaika siku nne na jambo hilo tu.

Uliofanya kazi ni huu, mwenye kunakili anakili.

Mianzi miwili mikavu, ianikwe kivulini wiki tatu. Ukiianika juani inapasuka. Wa chini futi kumi na mbili, unene wa kukamatika kwa kiganja. Wa juu futi kumi, mwembamba zaidi. Kiungo ni kipande cha bomba la maji la plastiki, futi moja na nusu, kila mwanzi uingie nusu yake, halafu kaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Kileleni nilifunga plaizi mbovu. Mkono wake mmoja umefungwa kwenye mwanzi, wa pili umefungwa waya wa breki ya baiskeli unaoshuka hadi chini, na chini kuna ule mkono wa breki wenyewe. Mpira wa tyubu unaibana plaizi ikae imefumba. Ukikamata breki, inafumbuka. Kipanga ana kitanzi mgongoni cha kushikwa na plaizi, na miguuni ana kulabu ya spoku ya kukalia tawi.

Uzito wote pamoja na kipanga haufiki kilo tatu. Kumpandisha mmoja ni chini ya dakika mbili, miguu yote iko ardhini.

Nilitengeneza vipanga watano. Konde langu limepakana na kilima, kuna mzambarau, mishelisheli miwili, mfenesi na mdoriani. Upande wa dada ni kijito na magugu. Hakuna mti hata mmoja wa kuwekea kitu.

Hilo nililijua tangu siku ya kwanza.

Kila asubuhi nilisimama robo saa nikihesabu minana waliotua kwangu. Siku ya kwanza sitini na watatu. Siku ya nane wanne. Siku ya kumi sifuri. Mama Rukia akakaa nyumbani, presha ikashuka. Nilijiona nimemaliza.

Sasa, minana hawakuyeyuka. Walivuka tuta.

Dada mwanzoni alifanya utani. "Ndugu yangu, wageni wako wamehamia kwangu na mikoba yao."

Nikacheka. "Dada, na weye n'takufanyia."

"Lini?"

"Nikimaliza kupima."

Hapo kwenye kupima ndipo ninapotaka msome polepole.

Kuna kijitabu cha kilimo nilikisoma, kinasema jaribio halina maana bila sehemu ya kulinganishia: sehemu iliyo sawa na yako, isiyopata dawa yako. Konde la dada lilikuwa pale pale. Udongo ule ule, mbegu ile ile, siku moja ya kupandwa. Nikachora safu ya pili kwenye daftari, juu yake nikaandika "Kulinganishia".

Kila asubuhi nikishahesabu kwangu, nageuka nahesabu kwake. Arobaini na mmoja. Sabini. Mia na kumi na kitu, hapo walinipotea kwa wingi wao.

Dada alikuwa peke yake kwenye dungu, umri wake umeshavuka sitini, anapiga debe. Akiniona nimesimama mwisho wa tuta na kalamu ananipungia mkono. Alidhani nimekuja kumsaidia.

Niliahidi ukweli, basi ndio huu: safu ya pili kila ilipopanda, nilifurahi. Ilithibitisha mwanzi wangu unafanya kazi.

Kisha dada akashikwa na homa, hakuweza kuinuka.

Mama Rukia akaniambia, "Niende nikamshikie wifi zamu. Siku mbili tatu tu."

Nikamjibu, "Na presha yako?"

Ilikuwa sababu ya kweli. Haikuwa sababu peke yake. Nilikuwa nimebakisha siku tatu kukamilisha ishirini nilizojipangia, na mtu akikaa kwenye dungu hesabu ya safu ya pili ingeharibika.

Ningeweza kwenda mimi. Na kwa kweli nilikwenda, siku zote tatu. Nikasimama, nikahesabu, nikaandika, nikarudi.

Siku ya tatu ndipo nilipouona ule mpunga kama mpunga. Mpunga wenye punje huinama. Wangu ulikuwa umeinama wote. Wa dada ulikuwa umesimama wima. Nilivunja suke nikalisugua kiganjani, nikapuliza. Mapepe matupu, hakikubaki kitu mkononi.

Wiki iliyofuata akaja bwana shamba na wenzake wawili wenye kamera, walikuwa wamepata habari za mwanzi. Wakatafuta pa kusimama ili waipate miti yote kwenye picha. Wakavuka tuta wakasimama ndani ya konde la dada. Mmoja akasema hapa hapana neno kukanyaga, hapa pameshaharibika.

Kwa hiyo yale majani yaliyonyooka nyuma ya miguu yangu kwenye video, ambayo mwanachama mmoja humu ameyasifu kwamba ni mpunga uliostawi, ni chakula cha dada yangu.

Yeye mwenyewe alikuwepo, amejitanda kanga, bado ana udhaifu wa homa. Alikuja kuangalia kama kuna pembe iliyosalimika.

Bwana shamba akafungua daftari langu, akapendezwa, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote. "Konde lenye vipanga, sifuri. Konde la kulinganishia, zaidi ya mia. Hii kazi safi sana, mzee wangu! Na hili la kulinganishia ni la nani?"



"Langu miye," dada akasema.

"Hongera sana bibi, kwa kushiriki."

Dada akanyoosha mkono akaomba daftari. Kusoma amejifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, anasoma kwa kidole. Kidole kikashuka kwenye safu yake mstari kwa mstari hadi chini.

"Siku hizi tatu miye nilikuwa kitandani."

"Naam, dada."

"Na weye ulikuwepo hapa."

"Nilikuwepo."

"Ukawahesabu."

Akaitazama mikono yangu.

"Mikono unayo, ndugu yangu. Ungepiga makofi tu, wangeruka."

Akamrudishia daftari bwana shamba, si mimi. Akaondoka kwa kupita juu ya tuta, taratibu, maana alikuwa bado hana nguvu. Kamera ilikuwa imeshazimwa.

Nilipovuna, nikapakia nusu ya mpunga wangu kwenye gari la ng'ombe, nikampelekea. Mwenye gari akarudi na mapolo yote, magunia yale yale niliyopakia, anaona haya hata kunitazama. "Kasema uyapime upya mzee. Pengine umekosea hesabu."

Baadhi ya jamaa walimlaumu yeye. Ndege ni wa Mungu, walisema, na nduguye kamletea riziki kaikataa, moyo gani huo? Niliwaacha waseme, na kuwaacha kwangu ni aibu nyingine ya kuongeza juu ya ile.

Msimu huu nimewashusha vipanga wote watano.

Siku ya kwanza ya kuamia Mama Rukia alivaa kanga zake akashika njia. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akanijibu bila kugeuka, "Daktari hakuniambia nimwache wifi."

Wako kwenye dungu sasa hivi ninapoandika. Mimi nimekaa upande wangu juu ya ndoo, nina debe langu. Nawasikia wakicheka. Nikisogea na chupa ya chai wanatulia, dada ananiitikia salamu vizuri kabisa, ananiuliza hali, ananishukuru kwa chai. Zaidi ya hapo hakuna. Tunazungumza kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Juzi nilimwambia nimefikiria nguzo za kuchimbia upande wa kijito, ili vipanga wakae pande zote na makonde yote mawili yapone.

Akatazama ng'ambo ya kijito, ambako kuna konde la mtu mwingine.

"Kisha wende kwa nani?" akaniuliza.

Wakuu, mimi na daftari langu swali hilo hatukuwahi kulifikia.

Nilichojifunza ni kifupi. Ukifukuza ndege, jua wanakokwenda kabla hujajisifu. Na usichukue chakula cha mtu ukakifanya kipimo chako bila kumwambia, hasa mtu ambaye angekukubalia kila kitu kama ungemuuliza.

Anayetaka mwanzi, vipimo viko hapo juu, simdai chochote. Aliyelima bonde moja na ndugu zake na akajua namna ya kuwafukuza ndege bila kumwelekezea mwenzake, aandike, nitasoma.

Na kama yupo humu aliyewahi kumwomba radhi mtu baada ya kusimama akaiandika hasara yake siku baada ya siku, naomba anieleze alianzaje. Aandike hapa hapa uzini, asinifuate inboksi. Dada anajua kusoma, na simu ya Mama Rukia huwa wanaishika wote wawili kule kwenye dungu.