Waliniambia nina gundu kwenye boti ya samoni, nikaomba safari moja tu

Jumamosi, wiki ya tatu ya mwezi wa tano. Mawingu mazito, upepo mdogo wa baridi unatoka ziwani, digrii arobaini na mbili za Fahrenheit, kipimo cha huku. Asubuhi mvua ilinyunyiza kidogo ikaacha.

Habari zenu wakuu.

Humu ndani mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mninyooshee tu. Ila haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu na nikayaweka kwenye daftari siku ile ile. Pale nilipokosea mimi nitasema ni mimi.

Naishi Coon Rapids, huku Marekani, nafanya usafi hospitalini. Kwetu ni Dodoma, msiniulize uvuvi nilijifunzia wapi.

Kuna jamaa wawili nasali nao. Wa kwanza ni Kioko, Mkenya, nesi, anakaa Golden Valley. Huyu ndiye mwenye boti. Wa pili ni Papa Safi, Mkongo wa Bukavu, ananizidi umri, anahudumia wazee pale Saint Louis Park.

Mwaka jana Kioko alinunua boti ya bati iliyotumika, ina injini kubwa na kainjini kadogo pembeni. Weekend tukipata off, tunaivuta kwa gari mwendo wa saa mbili na nusu kwenda kaskazini mpaka Ziwa Superior kutafuta samoni.

Kwa wasiojua, samoni hasubiriwi mahali pamoja kama kambale. Unamtafuta. Boti inatembea taratibu huku inakokota mishipi nyuma, kila mtu na wake, na mwisho wa mshipi kuna kisamaki cha bandia kinachong'aa. Fimbo zinakaa kwenye vishikio. Fimbo ikipinda, mwenyewe anaruka anaanza kuvuta. Ni kazi ya kukaa na kungoja huku unatetemeka.

Sasa tatizo.

Nilienda nao safari tatu. Tatu zote sifuri.

Safari ya nne nilikuwa na shift, wakaenda wawili. Saa nane mchana picha zikaingia kwenye group: samoni wawili, Papa Safi kacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

Jumapili nje ya kanisa Kioko ananiambia mbele za watu, "Bro, pole lakini wewe ni jinx."

Papa Safi naye: "Mon frère, mi nakupenda sana. Lakini weye ukikuya, samaki banakimbia."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Utafanyaje?

Wiki iliyofuata Kioko akanitumia meseji: "Boss, Saturday tuko full."

Wakuu, boti ina viti vinne. Wao ni wawili.

Nilikaa kwenye kochi nimeshika simu. Binti yangu Neema, ana miaka kumi, akasoma juu ya bega langu. "Baba, did you get fired from the boat?"

Nikamwambia hapana, sijafukuzwa. Halafu nikafikiri, kumbe ndiyo.

Mnaweza kusema ni boti tu. Lakini mimi huku Marekani nina kazi, nyumba na kanisa. Boti ile ndiyo ilikuwa mahali pekee ninapokaa na wanaume wenzangu tukaongea upuuzi siku nzima. Na kuna kitu kingine kinachonisumbua tangu zamani: mtu akiniambia nina kasoro, naamini haraka. Usiku mzima nilijiuliza kama kweli nina gundu. Kuna daladala ya bahati niliyoikosa tangu utotoni? Sijui.

Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, gundu huna. Una uoga wa kusema. Unaandika kila kitu kwenye lile daftari, umewahi kulisoma?"

Nikalifungua.

Huwa naandika hali ya hewa, rangi ya chambo, speed inayoonekana kwenye kioo cha kipima mwendo, na nani kashika usukani. Safari ya kwanza: Kioko, speed tatu na nusu. Ya pili: Kioko, karibu nne. Ya tatu: Kioko, tatu na nusu. Maili kwa saa hizo. Kioko hata barabarani anaendesha kama anawahi ndege.

Safari ya nne sikuwepo, kwa hiyo sikuwa na maandishi. Nisingeweza kumhukumu mtu kwa siku ambayo sikuiona. Nikampigia Papa Safi.

"Papa, ile siku mlipopata, ilikuwaje?"

"Ah, mon frère, tuliteseka! Moteur kubwa ilikufa asubuhi. Tulirudi na kale kadogo, polepole, polepole, kama kobe. Ni hapo samaki balianza kuuma."

Nikaanza kupekua tena kurasa za daftari.

"Allô? Uko?"

"Nipo Papa. Polepole kiasi gani?"

"Mbili. Haikupita mbili."

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Tukikimbia, kile kisamaki cha bandia kinazunguka kama feni. Tukienda taratibu kinayumba kama samaki mgonjwa, na samoni anapenda mgonjwa.

Lakini daftari halikunipendelea wakuu. Safari ya pili nilikuwa nimeandika mstari ambao nilitamani nisingeuona. Siku ile Papa Safi alinasa samaki mkubwa. Kioko alikuwa ameniachia usukani dakika tano anywe chai. Nilipoona mzee anahangaika na fimbo nikamwonea huruma, nikazima injini ili avute kwa raha.

Kosa kubwa. Boti ikisimama mishipi inalegea, inazama na kusokotana kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Samaki akapata nafasi, akachomoka. Yule ni mimi niliyempoteza, sio gundu, sio Kioko.

Nikaenda kwa Kioko na daftari mkononi. Nikaanza na kosa langu, halafu nikasema la speed.

Kioko akacheka. "Kwa hivyo umekuja kunishtaki na wewe ni accused?"

"Nimekuja kuomba safari moja. Nishike usukani mimi, kwa kainjini kadogo, speed mbili, siku nzima. Tukikosa najitoa mwenyewe na sitamlaumu mtu."

"Siku nzima kwa speed ya mazishi?"

"Siku nzima."

Akaniangalia. "Sawa. Moja."

Basi, ndiyo leo.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa majini. Maji ya ziwa lile yana baridi ya friji, ukichovya kidole unajuta. Nikashika mpini wa kainjini kadogo, macho kwenye kioo. Mbili. Mbili nukta moja. Mbili.

Saa ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna.

Saa ya tatu Kioko akaanza. "Boss, kuna bata ametu-overtake."

Kweli bata alikuwa ametupita.

"Ongeza kidogo tu. Tatu. Tunazeeka hapa."

Wakuu, mkono wangu ulitaka kutii. Nawaambia ukweli, ulikuwa umeshaanza kuzungusha. Kichwani nilikuwa nasema, wewe msafisha sakafu wa Dodoma, unamfundisha nani? Vidole vilikuwa havina hisia. Nikairudisha kwenye mbili.

"Tulikubaliana siku nzima," nikasema.

"Muache," Papa Safi akasema. "Akishindwa, ashindwe kwa akili yake mwenyewe."

Saa ya nne ilikuwa inaisha fimbo ya Kioko ilipopinda mpaka ncha ikagusa maji. Kioko akaruka, karibu adondoke.

"Simamisha! Simamisha boti!"

Sikusimamisha.

"Bro, zima hiyo engine, mkono unakatika!"

"Vuta tu! Sizimi!"

Alinitukana kwa Kikamba, nashukuru sijui Kikamba. Kila sekunde nilikuwa nasikia sauti ya mwenye boti ananiamuru, na mimi nimekaza mkono. Kama angechomoka, ningekuwa nimempoteza wa pili. Nililijua hilo.

Papa Safi akainama na wavu, akakosa mara ya kwanza, akapata mara ya pili. Samoni akaanguka ndani ya boti, anang'aa kama sahani mpya, anapiga mkia kwenye viatu vyetu.

Mmoja tu. Mpaka tunatoka majini hatukupata mwingine.

Njiani kurudi niliwaambia, jamani, samaki mmoja hathibitishi kitu. Inawezekana ni mawingu. Inawezekana ni chambo cha Kioko, kilikuwa cha rangi ya chungwa, hatujawahi kukitumia. Inabidi tujaribu tena.

Kioko akapiga usukani wa gari. "Huyu mtu! Ameshinda kesi halafu anakata rufaa mwenyewe! Sikia, Saturday ijayo saa kumi na moja alfajiri niko kwa mlango wako. Uje na gloves zako, zangu usiguse."

"Nani anashika usukani?" nikauliza.

Akalipita kwanza lori lililokuwa mbele yetu. "Wewe."

Nilichojifunza wakuu: mkiambiwa mna gundu, kabla ya kuamini angalieni kwanza kilichofanyika siku ile, na muwe tayari kukuta kosa lenu humo ndani. Mimi nilikuta langu. Bado linaniuma.

Wenye uzoefu wa kuvua kwa kukokota, hata kama ni Ziwa Tanganyika, niambieni: ni speed au ni rangi ya chambo? Na aliyewahi kuitwa gundu na wenzake alifanyaje? Nasoma comments zote, hata za kunicheka.

Mtauliza samaki yuko wapi. Kwenye boti yetu samaki akiwa mmoja hakatwi, anaenda mzima na kichwa chake kwa aliyevuta, maana ukimpelekea mke kipande atasema umenunua dukani. Kwa hiyo kaenda Golden Valley na Kioko. Sisi hapa tumekula ugali na maharage na mchicha, na mimi nimeongeza sahani mara mbili.